Historia ya Programu za Kuonyesha Maumbo ya Protini: Urithi wa Hitilafu na Marekebisho Yake, 1958–2021

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya programu za kompyuta zinazoonyesha maumbo ya protini, kuanzia modeli za waya zilizotangulia kompyuta hadi maumbo yaliyobashiriwa na kompyuta mwaka 2021. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya hitilafu zinazomsumbua mtumiaji wa programu hizi si uharibifu wa programu, bali ni athari za maamuzi ya zamani yaliyobaki ndani ya mafaili na michoro. Kwa sababu hiyo, kutatua hitilafu na kubadili mwonekano wa picha ni kazi inayohitaji ujuzi wa historia. Makala yanahitimisha kwamba zana zilizodumu ni zile ambazo watu wengine waliruhusiwa kuzisoma na kuzirekebisha.

1.0 Utangulizi

Hemoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni katika damu ya binadamu, ina minyororo minne: miwili ya alfa na miwili ya beta. Hata hivyo, mwanafunzi anayefungua faili lenye utambulisho 1HHO kutoka Benki ya Data za Protini huona minyororo miwili tu. Akifungua faili la 2HHB huona minne, na akifungua 1HV4, lenye hemoglobini ya bata bukini, huona minane. Mwanafunzi huyo anaweza kudhani kwamba programu imeharibika, au faili halikupakuliwa lote, au kitabu cha kiada kimekosea. Dhana zote tatu si sahihi.

Chanzo cha tofauti hiyo ni namna maumbo ya protini yanavyopatikana. Njia iliyotumika kwa muda mrefu zaidi ni kugandisha protini kuwa fuwele na kupitisha miale ya eksirei ndani yake. Fuwele ni mpangilio wa umbo moja linalojirudia mara nyingi mno, kama nakshi moja inavyojirudia katika mkeka. Wataalamu wa fuwele walizoea kuandika sehemu ndogo kabisa isiyojirudia, kwa kuwa sehemu nyingine zote zinaweza kukokotolewa kutokana na hiyo. Katika 1HHO sehemu hiyo ni nusu ya hemoglobini; katika 2HHB ni molekuli nzima; katika 1HV4 ni molekuli mbili. Maelekezo ya kukamilisha molekuli yamo ndani ya faili lenyewe, lakini programu nyingi haziyatekelezi mpaka ziamriwe.

Mfano huu unaonyesha tatizo ambalo makala haya yanalishughulikia. Picha ya protini kwenye skrini huonekana kama picha iliyopigwa kwa kamera, ilhali ni matokeo ya maamuzi mengi yaliyofanywa na watu mbalimbali, katika nyakati tofauti na kwa sababu tofauti. Baadhi ya sababu hizo zilikwisha zamani, lakini maamuzi yamebaki. Hivyo basi, anayetaka kujua kwa nini picha imetoka vibaya, au anayetaka kuibadili ionyeshe jambo analolitafuta, hana budi kujua maamuzi hayo yalitoka wapi.

2.0 Kutoka Msitu wa Vyuma hadi Skrini, 1958–1978

Protini ya kwanza kujulikana umbo lake ilikuwa mayoglobini ya nyangumi. Mwaka 1958, John Kendrew na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walichapisha umbo lake kwa kipimo cha angstromu 6, angstromu 1 ikiwa ni sehemu moja kati ya sehemu bilioni 10 za mita. Kwa kipimo hicho atomi hazikuweza kutofautishwa. Kilichoonekana ni bomba lililojikunja, nalo lilifinyangwa kwa plastisini. Mwaka 1960 kipimo kilifikia angstromu 2, na hapo njia ya mnyororo pamoja na sehemu kubwa ya atomi zake zikabainika.

Modeli iliyojengwa kutokana na matokeo hayo ilikuwa na fito za chuma zipatazo 2,500 zilizosimamishwa wima, zikijaza mchemraba wenye upande wa karibu mita 1.8. Kila sentimita 5 ziliwakilisha angstromu 1. Vibanio vya rangi vilivyofungwa kwenye fito vilionyesha mahali elektroni zilipokuwa nyingi, na modeli ya waya ikajengwa katikati ya vibanio hivyo. Fito zilizoishikilia modeli ndizo zilizoizuia isionekane vizuri, na mkono wa mjenzi haukupenya kwa urahisi kurekebisha sehemu za ndani. Tatizo la kwanza la uonyeshaji wa protini, kwa hiyo, lilikuwa tatizo la kimuundo: kilichoibeba modeli kilikuwa pia kinaificha.

Mwaka 1968, Frederic Richards wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alipendekeza ufumbuzi. Alitumia kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kuakisi nusu nyingine. Ramani za elektroni zilichorwa kwenye karatasi angavu, na kwa msaada wa kioo hicho zilionekana zimekaa juu ya modeli ya waya ingawa zilikuwa mahali pengine. Fito hazikuhitajika tena. Kifaa hicho kilienea katika maabara nyingi na kikajulikana kwa jina la sanduku la Richards.

Wakati huohuo njia nyingine ilikuwa imekwisha kuanza. Katikati ya miaka ya 1960, Cyrus Levinthal na wenzake wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts walionyesha molekuli kwa mistari ya mwanga kwenye skrini ya kompyuta. Skrini ni bapa, na mistari iliyosimama haikuonyesha kina: mtazamaji hakuweza kutambua atomi ipi ipo mbele na ipi ipo nyuma. Jawabu la Levinthal lilikuwa mwendo. Molekuli ilipozungushwa mfululizo, akili ya mtazamaji ilijitengenezea kina yenyewe. Mtumiaji aliongoza mzunguko huo kwa kifaa mfano wa tufe kilichowekwa chini ya kiganja. Mzunguko wa molekuli kwa kipanya, ambao leo huonekana kuwa pambo la kawaida la kila programu, ulianza kama tiba ya kasoro ya skrini.

Hatua ya kuunganisha njia hizo mbili ilikamilishwa na programu iliyoitwa FRODO, iliyochapishwa na Alwyn Jones mwaka 1978. Mtaalamu aliweza kuiona ramani ya elektroni na modeli ya atomi katika skrini moja, na kuisogeza modeli mpaka ikae ndani ya ramani. Sanduku la Richards lilianza kupoteza kazi. Hata hivyo, mashine zenye uwezo wa kuendesha programu za namna hiyo zilikuwa ghali mno, na maabara nyingi duniani hazikuweza kuzipata.

3.0 Kadi ya Safuwima 80

Mwaka 1971 Benki ya Data za Protini ilianzishwa katika Maabara ya Taifa ya Brookhaven, Marekani, kwa ushirikiano na kituo cha data za fuwele cha Cambridge. Ilianza na maumbo saba. Katika miaka hiyo data za kompyuta ziliwekwa kwenye kadi za karatasi zilizotobolewa matundu, na kadi iliyotumika zaidi, iliyoletwa na kampuni ya IBM mwaka 1928, ilikuwa na safuwima 80. Mfumo wa faili la protini uliowekwa katika muongo huo ulifuata upana wa kadi hiyo: kila atomi ilipewa mstari mmoja, na kila taarifa ilipewa safuwima zake maalumu.

Namba ya atomi iliwekwa katika safuwima ya 7 hadi ya 11. Nafasi tano maana yake ni kwamba atomi haziwezi kuzidi 99,999. Mnyororo ulipewa safuwima moja, ya 22. Kwa hiyo jina lake ni herufi moja au tarakimu moja. Namba ya asidi amino ilipewa safuwima nne. Viwianishi vitatu vya kila atomi vilifuata, kuanzia safuwima ya 31 hadi ya 54. Mwaka 1971 hapakuwa na protini iliyokaribia kuvuka mipaka hiyo, na uamuzi huo ulikuwa wa busara. Mtu yeyote aliweza kulisoma faili kwa macho yake, na mwandishi wa programu aliweza kulisoma kwa mistari michache ya amri. Urahisi huo ndio uliofanya mfumo uenee, na kuenea kwake ndiko kulikofanya iwe vigumu kuuacha.

Hitilafu tatu maarufu zimetokana moja kwa moja na kadi hiyo. Ya kwanza inahusu majina. Atomi ya kaboni iliyo katikati ya kila asidi amino huitwa kaboni alfa na huandikwa CA. Atomi ya kalsiamu nayo huandikwa CA. Katika faili la kale, kinachozitofautisha ni nafasi moja tupu: jina la kaboni alfa huanza safuwima ya 14, na la kalsiamu huanza safuwima ya 13. Faili likihaririwa kwa mkono, au likiandikwa na programu isiyojali nafasi tupu, kaboni hugeuka kalsiamu. Mtumiaji huona tufe kubwa pasipostahili kuwa na kitu, na hupoteza muda akichunguza mpangilio wa rangi ilhali kosa ni la nafasi moja. Baadaye, safuwima ya 77 na ya 78 ziliongezewa alama ya elementi ili kuondoa utata huo, lakini mafaili yasiyo na alama hiyo yangali yanazunguka.

Hitilafu ya pili inahusu vifungo vya kikemia. Ili kuokoa nafasi, mfumo haukuorodhesha vifungo baina ya atomi za asidi amino za kawaida. Ulichukulia kwamba kila msomaji anavijua. Programu kama RasMol huvikisia kwa kupima umbali: atomi mbili zilizokaribiana vya kutosha huchorewa mstari. Makisio hayo huwa sahihi mara nyingi. Hukosea pale atomi zinapokaribiana kwa sababu nyingine, kwa mfano sehemu moja ya protini inapokuwa imeandikwa katika mikao miwili kwa sababu katika fuwele ilionekana ikikaa huku na huku. Hapo mistari huchorwa baina ya atomi za mikao miwili isiyoweza kuwapo kwa wakati mmoja, na umbo lisilowezekana kikemia hutokea. Tiba ni kuiamuru programu ionyeshe mkao mmoja tu.

Hitilafu ya tatu ni ya ukubwa. Maumbo ya ribosomu yalipopatikana kuanzia mwaka 2000, atomi zake zilizidi uwezo wa faili moja. Benki ya Data iliyagawa maumbo hayo katika mafaili kadhaa, na mtumiaji aliyefungua moja aliona kipande tu cha mashine hiyo ya seli. Umbo la gamba la ndani la virusi vya UKIMWI lililochapishwa mwaka 2013 lilikuwa na atomi zaidi ya milioni 2. Kadi ya mwaka 1928 haikuweza kunyooshwa tena. Mwaka 2014 maumbo yaliyogawanywa yaliunganishwa katika mfumo mpya uitwao mmCIF, usiotegemea upana wa safuwima, na kuanzia Julai 2019 mfumo huo ukawa wa lazima kwa maumbo mapya yanayotokana na fuwele. Mabadiliko hayo yaliondoa hitilafu za zamani na kuleta mpya: programu nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya kadi haziwezi kuyafungua mafaili ya sasa.

4.0 Utepe na Mipaka Yake

Mistari na matufe huonyesha atomi, lakini protini yenye maelfu ya atomi iliyochorwa kwa njia hiyo haisomeki. Mwaka 1981, Jane Richardson wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alichapisha uchambuzi mpana wa maumbo ya protini ukiwa na michoro aliyoichora kwa mkono. Helisi za alfa alizichora kama utepe uliojisokota, na nyuzi za beta kama mishale minene inayoonyesha mwelekeo wa mnyororo. Atomi ziliachwa kwa makusudi ili mpangilio wa jumla uonekane. Mchoro wa Richardson ulikuwa tafsiri: aliamua kipi kibaki na kipi kiondoke.

Kompyuta ilijifunza kuchora utepe huo hatua kwa hatua. Arthur Lesk na Karl Hardman walichapisha michoro ya aina hiyo mwaka 1982. Mwaka 1991 programu ya MolScript ya Per Kraulis ilimwezesha mtafiti kuandika maelekezo ya mchoro katika faili la maandishi na kupata picha inayofaa kuchapishwa. Swali lililojitokeza lilikuwa hili: helisi inaanzia wapi na kuishia wapi? Richardson aliamua kwa jicho lake. Mwaka 1983 Wolfgang Kabsch na Christian Sander walitoa kanuni ya kukokotoa mipaka hiyo kwa kuangalia vifungo vya hidrojeni. Programu mbalimbali zilifuata kanuni tofauti, au zilitegemea mipaka iliyoandikwa na watafiti ndani ya faili. Matokeo yake ni kwamba protini ileile huweza kuwa na helisi ndefu katika programu moja na fupi katika nyingine. Faili lisilo na taarifa ya mipaka, likifunguliwa katika programu isiyoikokotoa, huonyesha kamba nyembamba tu, na mtumiaji hudhani protini haina helisi kabisa.

Tatizo jingine hujitokeza mtumiaji anapochanganya utepe na atomi. Ili utepe uwe laini, programu huupitisha karibu na atomi, si juu yake. Minyororo ya pembeni ya asidi amino ikionyeshwa juu ya mchoro huo, huonekana ikielea hewani, imekatika kutoka katika protini. Katika PyMOL ipo mipangilio ya kuulazimisha utepe upite katika nafasi halisi za atomi. Ukifanya hivyo nyuzi za beta hupoteza unyoofu wake na kuonekana zimepinda. Mtumiaji huchagua baina ya uzuri na usahihi, na uchaguzi huo unafaa kutajwa katika maelezo ya picha.

Rangi nazo zina historia. Mwaka 1953 Robert Corey na Linus Pauling walieleza modeli za mbao ambazo atomi zake zilitofautishwa kwa rangi, na mwaka 1965 Walter Koltun akaboresha muundo wa modeli hizo. Mpangilio unaotambulishwa kwa herufi za kwanza za majina yao hutumia rangi nyekundu kwa oksijeni, buluu kwa nitrojeni, nyeupe kwa hidrojeni na nyeusi kwa kaboni. Kaboni nyeusi isingeonekana kwenye skrini nyeusi. Katika RasMol ilipewa rangi ya kijivu. Picha hiyohiyo ikihamishiwa kwenye karatasi nyeupe, hidrojeni ndiyo inayotoweka. Kubadili rangi kulingana na mahali picha itakapotumika si mapambo, bali ni sehemu ya kuhakikisha kwamba msomaji anaona kilichokusudiwa.

5.0 Haki ya Kurekebisha: RasMol na Warithi Wake

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, kuizungusha protini kwenye skrini kulihitaji mashine maalumu. Mabadiliko makubwa yalitokea kwa muda mfupi. Mwaka 1992, toleo la kwanza la jarida la Protein Science lilifika kwa wasomaji likiwa na disketi zenye programu ya MAGE ya David Richardson, iliyowawezesha kuyazungusha maumbo katika kompyuta ndogo za Macintosh. Mwaka 1993, Roger Sayle, aliyekuwa amefanya utafiti wake wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, alitoa programu ya RasMol. Sayle alikuwa ameshughulikia namna ya kukokotoa picha za matufe kwa haraka, na ujuzi huo uliifanya RasMol iende kwa kasi katika kompyuta za kawaida. Muhimu zaidi, aliitoa bila malipo pamoja na msimbo chanzo wake. Kila aliyeona kasoro aliweza kuitafuta ndani ya msimbo na kuirekebisha mwenyewe.

RasMol ilikuwa na lugha yake ya amri. Mtumiaji aliandika amri za kuchagua sehemu ya protini, kuipaka rangi na kubadili mtindo wa kuichora, kisha akazihifadhi katika faili la maandishi. Faili hilo lilikuwa na thamani kuliko picha yenyewe, kwa sababu mtu mwingine aliweza kulisoma, kuona kila hatua, na kurudia au kusahihisha kazi.

Hatima ya lugha hiyo inaonyesha wazi tofauti kati ya zana iliyo wazi na iliyofungwa. Mwaka 1996 kampuni ya MDL ilitoa Chime, programu-jalizi iliyotokana na msimbo wa RasMol na kufanya kazi ndani ya kivinjari cha intaneti. Walimu wa biolojia, akiwamo Eric Martz wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, walitengeneza masomo mengi kwa kuitumia. Chime ilitolewa bila malipo, lakini msimbo wake haukuwa wazi. Vivinjari vilipobadilika na kampuni kuacha kuiendeleza, masomo yaliyoitegemea yaliacha kufunguka, na walimu hawakuwa na uwezo wa kuitengeneza. Bure haikuwa sawa na huru.

Masomo kadhaa yaliokolewa na Jmol, programu huria iliyoanzishwa na Dan Gezelter mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelezwa na wengine, kwa sababu wasanidi wake waliifanya ielewe lugha ya amri ya RasMol na Chime. Jmol nayo ilikumbwa na mtihani wa namna hiyohiyo. Iliandikwa kwa lugha ya Java, na vivinjari viliacha kukubali programu-jalizi za Java. Chrome iliondoa kabisa uwezo huo mwaka 2015. Lakini safari hii msimbo ulikuwa wazi. Robert Hanson wa Chuo cha St. Olaf, Marekani, pamoja na wenzake waliugeuza kuwa JavaScript, lugha ambayo kila kivinjari kinaielewa, na kuchapisha matokeo mwaka 2013 kwa jina la JSmol. Walimu waliokuwa na amri zao waliendelea kuzitumia.

PyMOL ilipata jaribio la aina nyingine. Iliandikwa na Warren DeLano na kutolewa mwaka 2000, naye aliiuza kama huduma huku akiuacha msimbo wazi. DeLano alifariki ghafla mwezi Novemba 2009 akiwa na umri wa miaka 37. Mwaka 2010 kampuni ya Schrödinger ilichukua jukumu la kuiendeleza, na toleo huria limeendelea kupatikana sambamba na lile la kulipia. Kama msimbo ungekuwa siri ya mtu mmoja, kifo hicho kingeweza kuhatarisha kazi za maabara nyingi zilizokuwa zikiitegemea.

6.0 Kisa cha Hemoglobini ya Selimundu

Umuhimu wa kubadili mwonekano wa picha unaweza kupimwa kwa protini moja inayoigusa Afrika Mashariki kwa karibu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa wa selimundu inatofautiana na ya kawaida. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyelelewa nchini Kenya, alichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Afrika Mashariki ukionyesha kwamba wenye jeni moja ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria. Katika miaka ya 1956 na 1957, Vernon Ingram wa Cambridge alibainisha tofauti yenyewe: katika mnyororo wa beta, asidi amino moja, glutamati, imebadilishwa kuwa valini.

Umbo la hemoglobini hiyo linapatikana katika faili la 2HBS, lenye molekuli mbili nzima, yaani minyororo minane. Likifunguliwa kwa mipangilio ya kawaida ya tepe, huonekana kama hemoglobini yoyote. Ugonjwa hauonekani. Mnyororo wa beta una asidi amino 146, na iliyobadilika ni moja. Mtumiaji asiyeigusa mipangilio huondoka na picha nzuri isiyomweleza lolote kuhusu kinachomuumiza mgonjwa.

Ili jambo lionekane, mtumiaji huchagua asidi amino namba 6 katika minyororo ya beta, ambayo katika faili hili ni B, D, F na H, kisha huionyesha kwa matufe na kuipa rangi ya pekee. Ndipo huweza kufuatilia jinsi valini ya molekuli moja inavyoingia katika kishimo cha molekuli jirani, karibu na fenilalanini namba 85 na leusini namba 88. Kushikamana huko, kukijirudia, hujenga nyuzi ndefu zinazoipinda seli nyekundu ya damu iwe mfano wa mundu.

Hapa pia kuna mtego wa kihistoria. Taarifa za maabara za jeni zinazofuata kanuni za sasa huitaja badiliko hilo kuwa katika nafasi ya 7, kwa kuwa huhesabu metionini inayoanzisha mnyororo, ambayo baadaye hukatwa. Faili la umbo hufuata hesabu ya zamani ya protini iliyokamilika, ambayo ndiyo ya kazi ya Ingram, na huita nafasi ya 6. Mwanafunzi anayechukua namba 7 kutoka katika taarifa ya jeni na kuiingiza katika programu hupata glutamati, kwa sababu nafasi ya 7 katika mnyororo huo ni glutamati pia. Programu haitoi onyo lolote, kwani imetii amri ipasavyo. Mwanafunzi anaweza kuhitimisha kwamba faili ni la mtu asiye na ugonjwa. Kosa la aina hii halirekebishwi kwa kusakinisha programu upya. Hurekebishwa kwa kujua nani alihesabu, na alianzia wapi.

7.0 Safuwima Iliyobadilishiwa Maana

Mfano wa karibuni unathibitisha kwamba urithi wa kadi haujaisha. Katika faili la kale, safuwima ya 61 hadi ya 66 hubeba kipimo cha mtikisiko wa atomi. Namba kubwa humaanisha kwamba atomi haikutulia, na hivyo mahali pake hapana uhakika. Programu nyingi zina mpangilio wa kupaka rangi kwa kufuata kipimo hicho, kwa kawaida buluu kwa namba ndogo na nyekundu kwa namba kubwa.

Mwezi Julai 2021, kampuni ya DeepMind na taasisi ya Ulaya ya bioinformatiki zilifungua hifadhi ya maumbo yaliyobashiriwa na programu ya AlphaFold. Maumbo hayo hayana kipimo cha mtikisiko, kwa kuwa hayakutokana na fuwele. Safuwima zilizokuwa tupu zilitumiwa kubeba kiwango cha uhakika wa ubashiri, kuanzia 0 hadi 100. Maana imegeuka: namba kubwa sasa ni ishara ya uhakika. Mtumiaji anayeacha mpangilio wa zamani wa rangi huona sehemu zilizobashiriwa vizuri zikiwa nyekundu kama zenye mashaka, na sehemu za kukisia zikiwa na buluu ya utulivu. Kwa mtafiti anayechagua mahali pa kulenga dawa, kosa hilo linaweza kugharimu kazi ya miezi mingi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hitilafu za uonyeshaji wa protini zina makundi mawili yanayopaswa kutenganishwa. Kundi la kwanza ni la mashine: kivinjari kilichobadilika, faili lililo kubwa mno, programu iliyoachwa. Hitilafu hizi hujitangaza, kwa kuwa picha hukataa kutokea. Kundi la pili ni la maana: nusu ya molekuli iliyodhaniwa kuwa nzima, kaboni iliyogeuka kalsiamu, nafasi ya 6 iliyotafutwa kwa namba 7, uhakika uliosomwa kama mashaka. Hizi hazijitangazi. Picha hutokea, tena ikiwa nzuri, na uzuri wake ndio unaomfanya mtazamaji asiulize.

Kwa kundi la kwanza, historia inafundisha kwamba kinga ni uwazi wa msimbo na uhifadhi wa amri katika maandishi. Kwa kundi la pili, kinga ni kulisoma faili lenyewe kabla ya kuiamini picha: kuangalia idadi ya minyororo, hesabu ya asidi amino, mikao iliyorudiwa, na maana ya kila safuwima. Faili la umbo ni maandishi, na mtu yeyote mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kulifungua na kulisoma. Vyuo vinavyofundisha biolojia ya molekuli kwa vifaa vichache havina sababu ya kulikwepa zoezi hilo, kwani halihitaji mashine ya gharama. Linahitaji mwalimu anayempa mwanafunzi faili la 1HHO, anamwacha aone minyororo miwili, kisha anamtaka aeleze mingine miwili imekwenda wapi.